Meno ya Mbele ya Gari la Sista Muthoni

Uvumilivu wangu uliisha Jumatatu asubuhi, mbele ya gari lenye udongo na majani ya miche kwenye bampa. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na aproni ambayo haikubali tena kufunga nyuma kwa sababu ya tumbo. Meneja Ndung'u alilizunguka gari mara moja tu, mikono mfukoni, akasema, "Hiyo ni shida ya dereva. Hawa wamama wanaendesha gari ya milima kama mkokoteni."

Mama aliyesemwa alikuwa amesimama hapo hapo. Ni Sista Muthoni, muuguzi mwenye nyumba ndogo ya kujifungulia kule Witeithie, na gari hilo ndilo hubebea akina mama uchungu ukiwashika. Alishika funguo kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kitabu cha nyimbo kanisani.

Niliweka chai juu ya kompresa. Nikainama kadiri tumbo lilivyoniruhusu, nikabonyeza ukucha kwenye tairi ya mbele.

"Ndung'u, kuja hapa."

Sikumwita bosi. Mafundi wawili waliokuwa wakigonga rimu wakaacha kugonga.

"Weka ukucha."

"Nini?"

"Weka ukucha kwa hii raba. Ukiingia, nitamwomba Sista msamaha kwa niaba yako, nikipiga magoti. Na unaona vile kupiga magoti kwangu saa hii ni kazi."

Hakuweka. Alitabasamu lile tabasamu la kutuliza wateja. "Wanjiru, hiyo ni mimba inaongea. Enda ukae."

Basi. Nilivua aproni, nikaitundika kwenye kioo cha pembeni cha gari, nikamwambia nimestaafu. Watu hustaafu kwa keki na saa ya ukutani. Mimi nilistaafu chai yangu ikipoa juu ya kompresa, na mpaka leo sijui ni nani aliinywa.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale gereji ya tairi Ruiru na mtakaokuja nyuma yenu. Najua wengine mtacheka, ati mtu wa umri wangu anaandika habari za kustaafu. Chekeni. Mgongo wangu una umri wake mwenyewe. Nimefungua na kufunga tairi tangu nilipomaliza kidato cha nne, na kazi hii niliipenda kuliko vile huwa nasema. Mambo ya cheo na mshahara nayaruka, hayo mnayajua na hayachekeshi. Nitaandika tairi.

Siku ya kwanza niliajiriwa kupokea simu na kuchemsha chai. Nilivaa sketi ya kanisani. Sikuwa nimekaa hata kitini mzee mmoja mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, akanibingirishia tairi kutoka upande ule wa gereji. "Pokea, mwanangu!" Nilinyoosha mikono kama kipa. Tairi ikanipiga tumboni, tukaenda chini wote wawili, mimi na sketi ya kanisani.

"Umeikamata," akasema huku akinisimamisha. "Tairi haikamatwi. Inapokewa. Sogea kando, iache ipite kidogo, halafu iwekee kiganja juu. Kama unavyompokea mgeni aliyekuja na hasira."

Huyo ndiye Fundi Rajabu, mzaliwa wa Thika, Mwislamu wa Majengo, aliyekuwa na ulimi mkali na Kiswahili laini. Sisi wengine tulikuwa tunaongea hiki chetu cha kubomoa, yeye anatusahihisha huku anapiga spana. Kufika saa kumi jioni alikuwa amenivua viatu vya kisigino na kunipa gambuti zake za zamani. Simu ikaanza kupokewa na mtu mwingine. Chai niliendelea kuchemsha, kwa sababu chai ya wengine ilikuwa maji ya moto tu.

Alinifundisha vitu ambavyo sasa mnavifanya bila kujua vilitoka wapi. Maji ya sabuni kwa brashi, kwa sababu tundu dogo halipigi kelele lakini hutoa povu. Kusoma nambari nne za mwisho ubavuni mwa tairi, zinazosema ilizaliwa wiki gani ya mwaka gani, kwa sababu tairi huzeeka hata ikikaa stoo bila kwenda popote. Na ukucha. Raba changa hukubali ukucha. Raba iliyokauka hukurudishia ukucha wako.

Lakini kitu chake kikubwa kilikuwa mkono chini ya madigadi. Mteja akija na gari refu la porini, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, Rajabu hakumuuliza anataka tairi gani. Watu hudanganya hapo, tena kwa moyo safi kabisa. Alikuwa anapiga goti, anaingiza mkono juu ndani ya madigadi ya nyuma, anakwangua, halafu anafungua kiganja mbele ya mwenye gari.

Nakumbuka kijana mmoja wa Kahawa Wendani. Gari lake lilikuwa limeinuliwa mpaka mtu anapanda kwa ngazi, na alitaka tairi za meno makubwa, zile za matope, meno kama ya mamba.

"Mzee, mi ni mtu wa off-road," akasema. "Mi hupenda milima."

Rajabu akafungua kiganja. Ilikuwa changarawe nyeusi ya lami, tiketi ya maegesho iliyolowa, na karatasi ya chipsi.

"Mlima huu," akauliza, "una supamaketi?"

Tulicheka mpaka kijana mwenyewe akacheka. Tairi za meno alizinunua tu. Hakukawia kurudi. "Aki mzee, hii kitu inalia kama posho mill ya unga. Na mafuta inakunywa. Na juzi kwa mvua niligusa breki, gari ikaendelea na safari bila mimi." Akarudi kwenye tairi za lami. Nilizifunga mwenyewe. Alinitumia wateja mpaka mwaka huu.

Hao tuliwaita watu wa tairi za Desemba. Sisi watu wa huku tunalijua kosa hilo kwa sababu ni letu. Mtu ana barabara ya gichagi, kijijini kwao, yenye matope, huipanda Desemba, na labda kukiwa na matanga. Basi huchagua tairi za njia hiyo moja. Mwaka wote uliobaki anazikimbiza kwa lami ya Thika Road, kwenda kazini Mwiki na kurudi, sababu hataki shemeji zake wamwone amekwama. Tairi za aibu, si za barabara.

Na mimi nilibishana na Rajabu hapo, kwa sababu mimi ni mtu wa kubishana. Nikamwambia, "Lakini Fundi, siku ya matope si iko? Akikwama?"

"Akikwama afanye nini?"

"Aite watu wasukume."

"Na akiteleza kwenye lami, akiwa mbio, aite watu wafanye nini?"

Hiyo ndiyo hesabu yote ya kuchagua tairi ya gari la porini linaloishi barabarani, na haitaki kompyuta. Matope hukukwamisha polepole, na majirani wakaja wakakusukuma, wakakucheka, wakaenda. Lami yenye maji haingoji majirani. Chagua kwa ajili ya pale unapoenda mbio. Meno makubwa ni machache, na katikati yao kuna mapengo. Kwenye lami iliyolowa, hayo mapengo hayashiki kitu. Tairi ya lami ina mistari mingi myembamba ya kufukuza maji. Kama kweli una kipande cha murram, barabara ya changarawe, kila siku, kuna tairi ya kati, ubavu mgumu na meno madogo ya karibu karibu. Hiyo inatosha watu wengi sana, hata wale ambao hawataki kutoshwa.

Na zote nne zifanane. Rajabu alikuwa anasema magurudumu manne ni watu wanne waliobeba jeneza. Mmoja akiwa mfupi, mwingine anaenda kwa hatua zake, hata marehemu hatafika salama.

Sista Muthoni alikuja wakati ambapo Rajabu alikuwa ameanza kuona ukungu kwa macho na mimi ndiye nilikuwa naingiza mkono chini ya madigadi. Nilikwangua, nikafungua kiganja, na kwa mara ya kwanza nilipata vitu viwili: lami nyingi, na udongo mweusi unaonata kama ugali mbichi. Witeithie ndivyo ilivyo. Mvua ikinyesha, kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake ni tope la kunyonya viatu.

"Nifanyeje?" akauliza. "Wanaume wote wananiambia nichukue meno."

"Ukikwama hapo kwako watu huja?"

"Wee! Hata kabla sijazima gari. Wanajua kwa nini nina haraka."

Tukachagua za kati, nne, pacha. Nilizifunga kwa mkono wangu, na baada ya muda zikanibeba mimi mwenyewe. Uchungu wa kumzaa binti yangu Kui ulinishika nikiwa nyumbani Mwiki, mvua ikimwagika kama imefunguliwa. Sista akaja mwenyewe. Nikiwa kiti cha nyuma, nimeng'ang'ania mshipi, kijana wa mkokoteni akakatiza barabara mbele yetu. Sista akakanyaga breki. Gari likainama mbele, likasimama, kijana akavuka na kabichi zake zote.

Sista akageuka kunitazama. Nilikuwa nimefumba macho. "Unasali, mama?"

"Nasikiliza tairi."

Kui alizaliwa kabla sijavua gambuti. Sista husimulia hadithi hiyo kila mahali, na kila akiisimulia kabichi zinaongezeka.

Kwa hivyo mnielewe. Tairi zile zilipofika mwisho mwaka huu, Sista alinipigia mimi. Mtoto wangu wa pili alikuwa njiani, na tulishakubaliana: uchungu ukianza, atakuja kunichukua na gari lile lile. Nilimwambia alete gari, nitamwekea za kati, nne, pacha. Alipolileta mimi nilikuwa kliniki.

Ndung'u si shetani, hilo niliandike pia. Siku za kliniki alinipa bila kununa, na Kui alipougua kifua ni yeye alitupeleka. Lakini alirithi umeneja bila kurithi gambuti. Alikuwa na tairi mbili za meno makubwa zilizolala stoo tangu enzi za Rajabu, zimepakwa dawa ya kung'arisha mara nyingi mpaka zinateleza mkononi. Kila mwezi anaziangalia kama binti aliyekataa kuolewa. Sista akatokea, viatu vyake vina tope jeusi.

"Sista, kwenu si ni matope? Hizi ndizo dawa. Na mbili zinatosha, mbele ndiko kuna kazi. Za nyuma bado zitasukuma."

Za nyuma zilikuwa zimebaki na mistari ya kuhesabika. Sista alisema, "Wanjiru amesema nne." Ndung'u akamjibu, "Wanjiru ni fundi. Mimi ni meneja."

Mvua ilinyesha Jumapili. Sista alikuwa amembeba mama mmoja kutoka Ruiru, uchungu umekolea. Pale pa kutoka barabara kuu kuingia Witeithie, alikata kona kama alivyoikata miaka yote. Usukani uligeuka. Gari halikugeuka. Lilienda mbele moja kwa moja, likaruka ukingo, likazama kwenye vitalu vya mzee anayeuza miche kando ya barabara. Udongo laini na miche ya maparachichi ndivyo vilivyolisimamisha. Hatua chache mbele ya hapo kuna mtaro wa zege.

Watu walikuja wakasukuma, kama kawaida. Mama alifika, akajifungua, mtoto ni mzima na tayari mtaani wanamwita Kamche. Sista alinisimulia haya asubuhi hiyo ya Jumatatu akicheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Wanjiru, juzi nilikuahidi nitakuja kukuchukua. Sasa naogopa kukuahidi."

Hapo ndipo Ndung'u alipotoka ofisini, mikono mfukoni, akasema ni shida ya dereva. Yaliyofuata nimeshayaandika.

Kesho yake nilienda Thika kupeleka malalamiko. Ofisi ya biashara ya kaunti iko huko, na Rajabu pia, na nilijua nikianza na ofisi nitafukuzwa. Nilimkuta kibarazani kwake Majengo, redio mapajani, macho yake sasa ni ya kujua mwanga tu. Alinitambua kwa hatua.

"Unatembea kwa uzito. Umebeba tairi au mtoto?"

"Mtoto. Tairi nimeziacha."

Nilimweleza yote, na nilipofika kwa ukucha sauti ilikuwa imepanda mpaka jirani akachungulia. Nikamsomea barua niliyokuwa nimeandika usiku. Ilianza na "Meneja huyu mjinga" na kutoka hapo ilishuka mteremko.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Imekupoza?"

"Kidogo."

"Vizuri. Sasa ichane. Ukiandika Ndung'u, watasema ni ugomvi wa kazini, wampigie simu, mpatanishwe, mnywe soda. Tairi zibaki mbele. Andika tairi, mwanangu. Usimwandike Ndung'u."

Nilitaka kubishana. Yeye akanyoosha mkono hewani, kiganja wazi, kama zamani akionyesha mwenye gari kilichokuwa chini ya madigadi yake. Nikaweka ile barua juu ya kiganja. Akaichana mwenyewe, taratibu, halafu akamwita mjukuu alete kalamu na chai. Chai yao nzuri, nakiri.

Ofisini nilimkuta karani mpole aliyechoka. Alisoma barua yangu mpya akakunja uso.

"Wewe ndiye ulinunua hizi tairi?"

"Hapana."

"Wewe ni dereva?"

"Hapana. Nilikuwa fundi pale."

"Aaa. Basi hiyo ni mambo ya leba, ya wafanyakazi, mama. Enda mlango ule mwingine."

"Sikuja kwa kazi yangu. Kazi nimestaafu. Nimekuja kwa tairi."

"Sasa kwa hii kesi wewe ni nani?"

"Mimi ni abiria."

"Ulikuwa ndani gari ikikosa kugeuka?"

"Bado. Nitakuwa."

Aliangalia tumbo langu, akaangalia dirishani ambako mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Juja. Akatoka nyuma ya meza, akanivutia kiti. "Kaa, mama. Andika hivyo. Andika abiria."

Nikaongeza neno hilo, akapiga muhuri, akanipa nakala. Ninyi mliobaki, hii hapa. Ibandikeni juu ya kompresa.

*

Kwa Afisa wa Biashara,
Thika.

KUH: TAIRI MBILI ZA MBELE ZA GARI LA NYUMBA YA KUJIFUNGULIA, WITEITHIE

Mimi ni abiria wa gari lililotajwa hapo juu. Nimefanya kazi ya kufunga tairi Ruiru tangu nilipotoka shule.

Gari hili ni la porini lakini linaishi kwenye lami. Tope lake ni kipande kifupi, na kwenye tope hilo kuna majirani.

Mbele limefungwa tairi mbili za meno makubwa. Zimezeeka; umri wake umeandikwa ubavuni na yeyote anaweza kuusoma. Zimeuzwa kama mpya. Raba yake haikubali ukucha. Nyuma zimeachwa tairi za aina nyingine zilizokwisha. Kwenye mvua gari haligeuki. Jumapili halikugeuka likiwa na mama mwenye uchungu.

Silalamiki juu ya mtu. Nalalamika juu ya tairi.

Naomba duka lizitoe na liweke nne zinazofanana, za kati, kama mwenye gari alivyoagiza. Naomba tairi yoyote iliyolala stoo mpaka ikakauka isiuzwe kama mpya, hata ikipakwa dawa. Naomba anayeuza tairi za gari la namna hii aingize kwanza mkono chini ya madigadi amwonyeshe mteja kinachotoka. Haichukui muda na mkono hunawika.

Mkija kukagua, tafadhali msije jua likiwaka. Jua likiwaka tairi zote ni nzuri. Njooni siku ya mvua, mwombeni Sista awapitishe kwenye ile kona, na mkae kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Mshipi wake unashika. Hapo ndipo nitakapokaa mimi.

Wanjiru, Mama Kui
Abiria